Kutengeneza Vitu kwa Nta na Gundi ya Nyuki: Mwongozo kwa Wanaoanza wa Lindi na Mtwara

Kila msimu wa kurina asali ukipita, maswali ni yale yale. Nta yangu mbona nyeusi? Mbona kibakuli kimepasuka kabla sijakitoa kwenye umbo? Naweza kuweka sufuria moja kwa moja kwenye mkaa? Hii gundi inayonatia kwenye mlango wa mzinga ina kazi gani? Nimeona niyajibu yote mahali pamoja, kwa mpangilio wa kazi yenyewe: kwanza kupata nta safi, kisha kutengeneza vitu vitatu, yaani kibakuli, nakshi za kubandika kwenye mti, na dawa ya kung'arishia vinyago. Mwishoni kuna kitambaa cha nta kwa wenye jikoni, na majibu ya mambo yanayoharibika.

Asali ya Liwale, Nachingwea na Kilwa ina wateja wake. Masega yanayobaki baada ya kukamua ndiyo mara nyingi humwagwa nyuma ya nyumba au kuachiwa wadudu waitwao nondo. Ukijifunza kuyasafisha, una malighafi isiyokugharimu zaidi ya kuni na jasho.

Nadharia ni fupi. Nyuki vibarua hutoa nta kwenye tezi zilizo chini ya tumbo lao, na hula asali nyingi ili kuitoa. Wanaokadiria husema kilo 6 hadi 8 za asali kwa kilo 1 ya nta. Nta huyeyuka kwenye nyuzi joto 62 hadi 64. Ikifika 32 hivi bado haijayeyuka lakini inafinyangika kwa vidole. Ikipita 85 rangi huanza kuharibika na harufu nzuri hupotea. Shika namba hizo tatu, kwa sababu karibu kila kosa utakalolifanya litakuwa kosa la joto. Sisi wa pwani ya kusini tuna tatizo ambalo vitabu vya nchi za baridi havilitaji: jua la mchana la Mtwara linaweza kuifikisha nta yako kwenye 32 ikiwa mezani tu, bila jiko.

Mahitaji

- Masega, walau ndoo moja ya lita 20. Usianze na machache ukidhani unajaribu. Masega meusi hutoa nta kidogo sana na utakata tamaa bure.
- Sufuria mbili za alumini, ndogo iingie ndani ya kubwa. Alumini au chuma kisichoshika kutu ndiyo salama. Chuma cha kawaida, shaba na bati lililokwanguka huigeuza nta rangi.
- Kopo refu lisilo na kutu, la maziwa ya unga kwa mfano, kwa kazi ya kuchovya.
- Maji ya mvua. Maji ya visima vingi vya pwani ni magumu, na chokaa iliyomo huungana na nta ikatoa uji wa kijivu wenye chengachenga. Kama huna ya mvua, tia vijiko viwili vitatu vya siki au maji ya ndimu kwenye sufuria.
- Mfuko wa sandarusi uliosafishwa, na kipande cha melikini cha kuchujia.
- Kipimajoto kinachofika 100. Bila hicho utafanya kazi, lakini kwa kubahatisha.
- Mizani ya jikoni.
- Umbo la mti laini la kuchovya kwenye nta, nitalieleza mbele.
- Msasa, kisu chembamba, kijiti cha mwanzi, brashi, na vitambaa vya pamba visivyoacha nyuzi.
- Mafuta ya ufuta, spiriti ya dukani, na masizi ya taa ya kibatari.
- Mfuniko unaoenea sufuria, na ndoo ya mchanga pembeni.

Hayo mawili ya mwisho si mapambo. Nta ikishika moto, usiimwagie maji hata tone. Maji yatageuka mvuke kwa ghafla na kuirusha nta inayowaka juu ya nyumba na juu yako. Funika, toa mkaa, mwaga mchanga kama umemwagikia chini. Ikikudondokea mkononi, tumbukiza mkono kwenye maji baridi kwanza, mambo ya kubandua yaje baadaye.

Na jambo jingine kabla hujawasha jiko: yanatoka wapi hayo masega? Kama mizinga ilikuwa karibu na mikorosho, upande wa Tandahimba, Newala au Masasi, wakulima hupulizia dawa za ubwiriunga na za wadudu wakati wa maua, kuanzia Juni hivi. Viuatilifu vingi hukaa kwenye mafuta, na nta ni ndugu wa mafuta: huvishika, na kuchemsha hakuviondoi. Nta ya namna hiyo fanyia nakshi na dawa ya kung'arishia. Ya kugusa chakula chukua kwenye mizinga ya msituni, mbali na mashamba. Muulize aliyerina, na asiyejua jibu hesabu kwamba imetoka shambani.

Kupata nta safi

1. Chambua masega. Meupe na ya manjano, yale yaliyobeba asali tu, weka upande wake. Ndiyo yatakayokupa nta ya rangi ya dhahabu. Meusi yaliyolelea majana (watoto wa nyuki) weka kando. Ukiyachanganya, meusi yatashinda. Masega yenye utando wa buibui na vijitundu yameingiliwa na nondo wa nta. Bado yanafaa, lakini yayeyushe leo, maana kesho watakuwa wamehamia kwenye mengine.

2. Loweka. Meupe yasuuze tu kuondoa asali. Meusi yavunjevunje, yaloweke kwenye maji ya mvua usiku kucha, na ubadilishe maji mara moja. Ndani ya kila chumba cha sega jeusi kuna maganda ya majana yaliyopita, na maganda makavu hunyonya nta. Yakishiba maji kwanza, nta inabaki yako. Fanya hivi ndani ya nyumba au jioni. Harufu ya asali na nta huita nyuki, na nyuki wakishajua kwamba kwako kuna kitu cha bure, jirani zako hawatakusamehe.

3. Chemsha polepole. Tia masega kwenye mfuko wa sandarusi, funga mdomo, weka jiwe safi ndani ili uzame, kisha ujaze maji sufuria kubwa mpaka mfuko ufunikwe. Hapa, na hapa pekee, sufuria inakaa juu ya jiko moja kwa moja, kwa sababu nta inaelea kwenye maji mengi. Maji yasitokote kwa nguvu. Yakitokota, nta na maji huchanganyika kama uji, na kuvitenganisha ni taabu. Unataka mvuke na vipovu vidogo vya pembeni. Kandamiza mfuko kwa mwiko kila baada ya muda mpaka usione tena nta ikipanda juu.

4. Acha ipoe yenyewe. Toa mfuko kwa kuukamua kati ya mbao mbili, funika sufuria, uifunike na magunia, na uiache mpaka asubuhi. Ikipoa polepole uchafu unapata muda wa kuzama. Ikipoa haraka, uchafu unagandia katikati na kipande chenyewe kinapasuka. Asubuhi utakuta sahani ya nta inayoelea. Itoe, na ukwangue tope la kijivu lililoganda upande wa chini.

5. Chuja mara ya pili. Sasa hakuna tena sufuria ya nta juu ya moto. Weka kokoto tatu chini ya sufuria kubwa, tia maji, tumbukiza sufuria ndogo yenye nta ikae juu ya kokoto. Joto la nta lisipite 80. Ikiyeyuka yote, mimina kupitia melikini iliyofungwa juu ya chombo kilichopakwa maji ya sabuni. Nta ya masega meupe itatoka njano. Ya meusi itatoka kahawia, na hivyo ndivyo ilivyo, usihangaike kuipausha. Rangi ya kahawia hupendeza kwenye nakshi kuliko njano.

Kwa mwenye subira na jua, na jua tunalo, kuna njia ya sanduku: ubao uliopakwa rangi nyeusi ndani, kioo juu, trei iliyoinama yenye wavu, na chombo cha kupokea chini. Ligeuzie jua la saa sita na uliache. Kwa masega meupe mimi huchagua njia hii kuliko jiko, maana haiwezi kuunguza wala haili mkaa. Kwa masega meusi haifai sana, maganda hunyonya karibu kila kitu.

Unaponunua nta badala ya kuitengeneza, vunja kipande. Nta halisi huvunjika kwa uso usiong'aa wenye chembechembe. Tafuna kidogo: haishiki menoni. Iliyochanganywa na mafuta ya mnyama hunuka shahamu ukiipasha kiganjani. Iliyochanganywa na nta ya mishumaa ya dukani huteleza mno na haina harufu ya asali.

Kibakuli cha kuchovya

Kuna mbunifu anayeitwa Tomáš Libertíny aliyewaachia nyuki wenyewe wajenge masega juu ya kiini chenye umbo la chombo cha maua. Kazi hiyo iko kwenye jumba la sanaa la MoMA mjini New York. Ni nzuri sana, na imekaa kwenye jengo lenye kiyoyozi. Wewe unabuni kitu cha kukaa Mikindani mwezi wa Desemba. Kwa hiyo umbo lako liwe fupi, kitako kipana, kuta zisipungue milimita 3. Shingo ndefu na mdomo mwembamba uliofunguka ni maumbo mazuri kwa Newala wakati wa kipupwe. Huku chini yatainama kabla ya adhuhuri.

6. Tafuta umbo. Mchongaji yeyote atakutolea nusu mpira wa mti laini, mpana juu na mwembamba chini, wenye mpini nyuma. Ubavu wote uelekee kupungua; ukiwa na tumbo lililotokeza, kibakuli hakitatoka. Upige msasa mpaka ukipitisha soksi isikwame.

7. Loweka umbo usiku kucha. Mti ulioshiba maji hauishiki nta. Hili ndilo watu wengi huliruka, kisha wananiuliza kwa nini wamebandua kibakuli vipandevipande. Kabla ya kuanza, lipanguse maji yanayotiririka, libaki na unyevu tu, na upake maji ya sabuni kidogo.

8. Yeyusha nta kwenye kopo refu ndani ya maji ya moto, mpaka 75, kisha epua. Kina chake kizidi kimo cha umbo. Subiri ishuke hadi kati ya 68 na 70. Asiye na kipimajoto aangalie ukingo wa kopo: utando mwembamba ukianza kuganda pembeni, wakati umefika.

9. Chovya. Ingiza umbo wima kwa sekunde mbili, ulitoe kwa mwendo mmoja bila kusita, liache lidondoke. Likisita njiani litaacha mistari. Subiri mpaka nta iache kung'aa, kiasi cha dakika moja, chovya tena. Baada ya mara kumi hivi utapata unene unaofaa. Kila mchovyo ukae juu kidogo kuliko uliopita ukitaka mdomo uliofifia. Mwanga ukipita pale huonekana rangi ya asali. Umbo lisikae sana ndani ya kopo, maana nta ya moto itayeyusha tabaka za mwanzo na utakuwa unarudi nyuma.

10. Toa. Kibakuli kikiwa bado vuguvugu, tumbukiza umbo kwenye maji ya kawaida (si ya barafu), shika mpini, zungusha taratibu. Kitateleza. Kisawazishe kitako kwa kukikalisha sekunde chache juu ya sahani ya bati iliyopashwa moto, na ukate mdomo kwa kisu kilichochovywa maji ya moto.

11. Acha siku mbili kivulini kabla ya kukigusagusa. Nta huendelea kuwa ngumu kwa muda baada ya kuganda.

Kibakuli hiki ni cha vitu vikavu: hereni, vifungo, korosho zilizobanguliwa. Si cha uji, si cha chai, na usimuuzie mtu bila kumwambia hivyo. Anayetaka taa ya mezani anaweza kuweka ndani taa ndogo ya betri au ya sola, nayo itapendeza mno usiku. Mshumaa usiweke.

Nakshi za nta juu ya mti

Hii ndiyo sehemu ninayoipenda zaidi, na ndiyo iliyo karibu nasi kuliko zote. Ukitazama vinyago vya zamani vya mapiko, vile vya kuvaa, utaona chale za usoni hazikuchongwa: nyingi zimebandikwa kwa vipande vya nta iliyotiwa weusi. Wamakonde walijua zamani kwamba mstari wa nta hutoka juu ya uso, hushika kivuli, na unaweza kuurekebisha mpaka utakapopenda, jambo ambalo patasi haikuruhusu. Vinyago vile vilichongwa kwa mti mwepesi, si mpingo. Hilo si bahati. Mpingo umejaa mafuta yake, na nta iliyobandikwa juu yake hubanduka.

Kwa heshima ya wenyewe, sikufundishi kuiga lipiko la unyagoni au jandoni. Chukua mbinu, michoro iwe yako: mawimbi ya Msimbati, majani ya mkorosho, ukingo wa ukili. Na ukishatengeneza, usimpake mtu mavumbi machoni kwa kumwambia ni cha babu yako.

Hapa tunahitaji gundi ya nyuki. Ni ile wanayoikusanya kwenye utomvu wa miti, wakazibia nyufa na kupunguzia mlango. Ikwangue kwenye mifuniko na kingo za mzinga. Kwenye joto letu hunata kila wakati, kwa hiyo ifanyie kazi alfajiri, au iweke kwenye friji saa moja mpaka iwe ngumu ya kuvunjika. Hapo utaitenganisha na miguu ya nyuki na vipande vya mti kirahisi. Mbunifu wa Kifaransa Marlène Huissoud ameitumia gundi hii hii kufinyanga vyombo kwa mbinu za mafundi wa kioo. Sisi tutaanza na mistari.

Onyo: wapo watu ambao ngozi zao haziipendi. Paka kidogo ndani ya kiwiko na usubiri siku moja. Ukiwashwa au kuvimba, vaa glovu, au achana na sehemu hii.

12. Pima sehemu 8 za nta, 2 za gundi iliyosafishwa. Yeyusha kwa maji ya moto kama hatua ya 5, koroga. Sehemu ya gundi haitayeyuka kabisa, chuja mabaki. Tia masizi kijiko kwa kijiko mpaka weusi ukuridhishe. Masizi yakizidi mstari utakuwa mkavu na kumeguka.

13. Mimina kwenye sahani yenye maji, ukande kwa mikono iliyolowa kama chapati mpaka isiwe na mapovu. Viringisha juu ya kibao chenye unyevu upate kamba nyembamba, unene wa kijiti cha kiberiti au zaidi kidogo.

14. Andaa mti. Uwe mkavu, usiwe na mafuta wala rangi, na pale nakshi itakapokaa ukwaruze kwa msasa mkali. Kisha upake spiriti iliyoyeyushiwa gundi: gundi sehemu 1, spiriti sehemu 3, kwenye chupa iliyofungwa, itikise kila siku kwa wiki moja, chuja. Gundi ya nyuki haiyeyuki kwenye maji, usijaribu. Na wale wanaoniuliza kuhusu gongo ya mabibo: nguvu yake hubadilika kila chupa, na sheria hairuhusu. Spiriti ya dukani inawaka haraka na ni sumu kuinywa. Mbali na jiko, mbali na watoto, na kitu kilichopakwa kisigeuzwe chombo cha chakula.

15. Spiriti hiyo ikikaribia kukauka, bado ikinata kidogo kidoleni, weka kamba ya nta, bonyeza kwa kidole gumba chenye unyevu, sawazisha kingo kwa kijiti cha mwanzi. Kazi kubwa ifanye asubuhi. Mchana kamba zitakushika vidole na mistari yote itapinda.

Spiriti ile ile ya gundi, ukipaka tabaka tatu nyembamba juu ya kitu cha mti, ni vanishi nzuri ya rangi ya chai nzito. Haifai kwa kitu kinachoshikwashikwa, maana mikono yetu ina joto na jasho, itanata.

Dawa ya kung'arishia vinyago

Wachongaji wengi humalizia mpingo kwa kiwi ya viatu. Inang'aa, sikatai, lakini inapaka weusi hata pale ambapo mti wenyewe una michirizi mizuri ya kahawia, na mgeni akishika vidole vinakuwa vyeusi.

Chukua nta sehemu 1 na mafuta ya ufuta sehemu 3, kwa uzito. Lindi hatuna shida ya ufuta. Mafuta ya nazi pia hutumika, ila kwenye joto letu dawa huwa majimaji, na nazi huchacha mapema kuliko ufuta. Yeyusha pamoja kwa maji ya moto, mimina kwenye makopo mapana, acha yagande wazi. Ikiwa ngumu kuchota, iyeyushe uongeze mafuta; ikiwa laini mno, ongeza nta. Paka kidogo sana kwa kitambaa, acha nusu saa, sugua mpaka kitambaa kisishike tena. Kupaka nyingi ndilo kosa la kila mtu: kinyago kinabaki kunata na kukusanya vumbi la barabara. Vitambaa vilivyolowa mafuta usivirundike pembeni; vianike vikauke, au uvifue.

Kitambaa cha nta

Kifupi tu. Chukua kipande cha kanga kuukuu cha pamba tupu. Choma uzi mmoja: ukinuka karatasi iliyoungua ni pamba, ukijikunja kidonge kigumu si pamba, uache. Changanya nta ya msituni sehemu 10 na mafuta ya ufuta sehemu 1, yeyusha, paka kwa brashi. Weka kitambaa kati ya karatasi mbili za kaki, pitisha pasi ya vuguvugu mpaka nta ienee sawa, kisha kitundike dakika mbili. Funikia bakuli, mkate, nusu ya nanasi. Usifungie samaki wala nyama mbichi, na usikioshe kwa maji ya moto. Kikichoka, kipigwe pasi tena.

Mambo yanayoharibika

*Kibakuli kimepasuka kikiwa kwenye umbo.* Nta hupungua ujazo inapoganda, karibu sehemu moja ya kumi. Kama umbo ni kavu au umekitia kwenye maji baridi sana, kinabana na kupasuka. Loweka zaidi, toa mapema, tumia maji ya kawaida.

*Tabaka zinabanduka kama ganda la kitunguu.* Ulisubiri mno kati ya mchovyo na mchovyo, au nta ilikuwa chini ya 65. Vunja, yeyusha, anza upya; nta haipotei.

*Nta ina chengachenga za kijivu na haishikani.* Ni maji magumu. Iyeyushe tena kwenye maji ya mvua yenye siki, iache ipoe polepole, ukwangue chini. Ikikataa mara ya pili, itumie kwenye dawa ya kung'arishia milango ya uani.

*Imekuwa nyeusi ingawa masega yalikuwa meupe.* Ama ulivuka 85, ama sufuria ina chuma au shaba. Rangi haitarudi. Itie masizi uifanyie nakshi.

*Inachemka kwa kupasukapasuka kwenye sufuria ndogo.* Kuna maji yaliyobaki ndani yake. Epua mara moja, acha igande, futa maji ya chini, ndipo uyeyushe upya.

*Kuna utando mweupe juu ya kibakuli.* Si ukungu wa kuoza. Nta safi hutoa utando huo ikikaa, hasa kwenye baridi. Pangusa kwa kitambaa laini. Wengine hawaufuti kwa sababu ni dalili kwamba nta haikuchakachuliwa, na mnunuzi anayejua huutafuta.

*Nakshi zimeanguka.* Ubao ulikuwa na mafuta, au ni mpingo, au umeweka kinyago dirishani. Kwa mpingo chonga mfereji mwembamba wenye kingo zilizoinamia ndani, ujaze nta humo; hapo itashikwa na mti wenyewe badala ya gundi.

*Sisimizi wamevamia.* Asali haikuisha kwenye hatua ya 2. Osha kitu kwa maji ya kawaida na kitambaa. Vipande vya nta ambavyo hujavifanyia kazi vifunge kwenye gazeti, uviweke kwenye ndoo yenye mfuniko, mahali pa kivuli. Nta iliyosafishwa vizuri hata nondo hawaitaki, maana chakula chao kilikuwa kwenye uchafu ulioukwangua.